Kongosho linalovimba na kurudi: kutoa nyongo, kuacha pombe, dawa, au kusubiri?

Maumivu huanzia chembe ya moyo yakapenya hadi mgongoni. Mgonjwa hawezi kulala chali, anakaa ameinama mbele amekumbatia mto. Anatapika, na hata akitapika hapati nafuu. Hapa kwetu, awe ametoka Kibosho ya Moshi au Sakina ya Arusha, mara nyingi jibu la kwanza analopewa ni vidonda vya tumbo. Anapewa dawa ya kupunguza asidi na kuambiwa aache pilipili na maharage. Mashambulio mengi mepesi hupoa yenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo sifa inakwenda kwa kidonge. Miezi kadhaa baadaye maumivu yanarudi yale yale, safari hii anafikishwa hospitali kubwa, damu inapimwa, ndipo anaambiwa kongosho limevimba.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula. Linatengeneza insulini, na pia vimeng'enya vya kusaga chakula. Vimeng'enya hivyo vikianza kazi kabla ya kutoka, vinalisaga kongosho lenyewe. Kati ya watu watano wanaougua kwa mara ya kwanza, karibu mmoja hurudiwa. Na huko kurudiwa ndiko kunakoharibu: baada ya shambulio la kwanza, kama mtu 1 kati ya 10 huishia kwenye ugonjwa sugu wa kongosho. Kwa wale waliorudiwa, ni zaidi ya mtu 1 kati ya 3.

Mimi ni muuguzi. Ndugu wa mgonjwa huniuliza, "Sista, kati ya hivi tufanye kipi?" Huwa wameshalinganisha tayari: bei ya upasuaji na bei ya vidonge, nauli ya kwenda hospitali ya KCMC na hatua chache za kwenda duka la dawa. Sababu iliyolivimbisha kongosho ndiyo hawajaiuliza. Tiba inayomfaa mwenye mawe haimsaidii mnywaji, na ya mnywaji haimsaidii mwenye mafuta mengi kwenye damu. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata kilichosababisha ugonjwa.

Kabla ya kuchagua chochote

Ugonjwa huthibitishwa kwa mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya aina niliyoieleza, kipimo cha damu cha lipasi au amilasi (vimeng'enya vya kongosho) kilichopanda angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayoonyesha kongosho limevimba. Mkiwa na nafasi ya kulipia kimoja kati ya lipasi na amilasi, chagueni lipasi. Hukaa juu kwa siku nyingi zaidi, na mgonjwa wa vijijini hufika amechelewa.

Kisha kuna vipimo vya kutafuta sababu, ambavyo kwa maoni yangu mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani bila kufanyiwa: ultrasaundi ya ini na nyongo, kipimo cha ini kiitwacho ALT, trigliseridi (mafuta kwenye damu) na kalsiamu. Si vipimo vya ajabu. ALT ikizidi 150 ndani ya siku mbili za kwanza, mawe ya nyongo yanashukiwa kwa nguvu hata kama ultrasaundi haijayaona. Trigliseridi nazo zipimwe siku ile ile ya kulazwa, kwa sababu mgonjwa akikaa bila kula akiwa kwenye dripu zinashuka upesi, na ukipima siku ya nne unaweza kuambiwa ziko sawa kumbe ndizo zilizomlaza.

Mletee daktari na dawa zote anazotumia mgonjwa, zote kabisa, zikiwa kwenye mfuko wake. Valproati ya kifafa inaweza kuvimbisha kongosho, azathioprini pia. Baadhi ya dawa za zamani za VVU zilijulikana kwa hilo, didanosini hasa. Asiache dawa ya kifafa wala ARV kwa uamuzi wake, ila daktari azione.

Wakati wa shambulio lenyewe

Hapa hakuna mengi ya kuchagua, kwa sababu sababu zote hutibiwa karibu sawa: dripu, dawa ya maumivu ya kutosha, kufuatilia mkojo na upumuaji. Kuna mambo mawili ambayo ndugu huyabishania wodini, niyaseme.

La kwanza ni dripu. Watu huamini nyingi ndiyo bora. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha maji mengi ya haraka na maji ya kiasi, na waliopewa mengi walijaa maji mwilini mara tatu zaidi, kama asilimia 20 dhidi ya 6, bila faida yoyote. Muuguzi akipunguza mwendo wa dripu hajamtelekeza mgonjwa wenu.

La pili ni chakula. Zamani mgonjwa alifungishwa siku nyingi ili kongosho lipumzike. Siku hizi, kama shambulio ni jepesi, hatapiki tena na anahisi njaa, aanze kula mapema, hata ndani ya saa 24, chakula chenye mafuta kidogo. Ule uji mlioleta kwenye chupa msirudi nao nyumbani kabla ya kuuliza. Na antibayotiki hazihitajiki kama hakuna maambukizi, hata kama mgonjwa wa kitanda cha jirani anachomwa sindano kila asubuhi.

Kama ni mawe ya nyongo: upasuaji sasa, upasuaji baadaye, au ERCP

Jiwe dogo hutoka kwenye mfuko wa nyongo, likateremka, likaziba pale mrija wa nyongo na mrija wa kongosho vinapokutana. Mawe madogo madogo ndiyo hatari zaidi kwa kongosho kuliko jiwe moja kubwa, maana kubwa halipiti. Nimeona mama mmoja muuza mitumba wa soko la Memorial akiwa na ripoti ya ultrasaundi imekunjwa mara nne ndani ya daftari la kliniki, imeandikwa "mawe madogo mengi", nyuma yake kumebanwa risiti za dawa za vidonda vya tumbo. Jibu lilikuwa mkobani mwake muda wote.

Njia tatu zinazowekwa mezani ni hizi (ERCP ni kutoa jiwe mrijani kwa kamera inayopitishwa mdomoni, naieleza chini ya jedwali):

| | Kutoa mfuko wa nyongo kabla ya kuruhusiwa | Kuruhusiwa, kisha kuutoa baada ya wiki kadhaa | ERCP peke yake, mfuko ubaki |
|---|---|---|---|
| Inamfaa nani | Mwenye shambulio jepesi, maumivu yametulia | Mwenye shambulio kali, maji yamekusanyika kuzunguka kongosho | Asiyeweza kuhimili upasuaji: mzee sana, moyo mbovu |
| Hatari ya kongosho kurudi | Ndogo kuliko zote | Kubwa katika muda wa kusubiri | Inapungua, lakini mawe yanabaki mfukoni |
| Ugumu wake | Nafasi ya chumba cha upasuaji, fedha ya ghafla | Wengi hawarudi tarehe ikifika | Vituo vichache nchini, na yenyewe inaweza kuvimbisha kongosho |

Njia ya kwanza ndiyo ninayoitetea kwa wenye shambulio jepesi, na sababu ninayo. Uholanzi walifanya utafiti uliotolewa mwaka 2015: wagonjwa 264 wa kongosho jepesi la mawe, nusu wakapasuliwa kabla ya kuruhusiwa, nusu wakasubiri siku 25 hadi 30. Ndani ya miezi sita, asilimia 17 ya waliosubiri walirudi hospitali kwa matatizo ya nyongo au walifariki. Kwa waliopasuliwa mapema ilikuwa asilimia 5. Na upasuaji wa mapema haukuwa mgumu zaidi kwa madaktari, jambo ambalo wengi waliliogopa.

Uholanzi waliosubiri walikuwa na tarehe, simu na usafiri. Huku kwetu kusubiri kuna sura nyingine. Binti wa shangazi yangu wa Tengeru aliruhusiwa kwenye hospitali moja baada ya shambulio jepesi, mawe yakiwa yameonekana wazi, karatasi yake ya ruhusa ikisema arudi kliniki baada ya wiki sita. Wiki ya sita haikufika. Alirudi usiku, macho ya njano, na safari hii hakulazwa wodi ya kawaida. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ile karatasi bado inanichoma. Ukiona imeandikwa "arudi baada ya wiki sita" na shambulio lilikuwa jepesi, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, kwa nini nisifanyiwe kabla sijaondoka? Kama hapa haiwezekani, naweza kupata rufaa?"

Kuhusu namna ya kupasua, kuna upasuaji wa matundu madogo na upasuaji wa kufungua tumbo. Wa matundu, watu wengi hurudi kazini baada ya wiki moja au mbili. Wa kufungua ni wiki nne hadi sita bila kubeba kitu kizito. Kwa yule mama wa mitumba anayenyanyua beloo, tofauti hiyo ni mtaji mzima, na inaweza kulipia nauli ya kwenda hospitali iliyo mbali zaidi. Lakini kama njia pekee iliyopo wiki hii ni ya kufungua, na mkono wa daktari ni mzoefu, mimi ningechagua kufunguliwa leo kuliko kungoja matundu ya mwezi usiojulikana. Nia ni mfuko utoke kabla jiwe lingine halijateremka.

Hofu ya "nitaishije bila nyongo" inawarudisha wengi nyumbani, hasa wazee wetu wa migombani. Nyongo inatengenezwa na ini, na ini linabaki. Mfuko ulikuwa ghala tu. Wachache huharisha kidogo majuma ya kwanza wakila mafuta, kisha mwili huzoea.

ERCP ni kamera inayopitishwa mdomoni hadi pale mrija wa nyongo unapofungukia utumbo, daktari akapanua mlango na kuvuta jiwe. Jiwe likiwa limekwama mrijani, mgonjwa ana homa na macho ya njano, hiyo ndiyo inayookoa maisha na haingoji. Ikiwa jiwe limeshapita lenyewe, kufanya ERCP kwa kila mwenye kongosho kuvimba hakusaidii, na yenyewe huvimbisha kongosho kwa baadhi ya watu. Kidonge cha diklofenaki cha kuwekwa njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo, kwa hiyo uliza kama kitatumika. Anayefanyiwa ERCP na bado anaweza kuhimili upasuaji, mfuko wake nao utolewe.

Wajawazito nao hupata mawe. Mimba si kizuizi cha kutafuta msaada, na upasuaji wa matundu unaweza kufanywa, miezi ya katikati ikiwa ndiyo inayopendelewa. Watoto na vijana wenye selimundu wapimwe nyongo mapema, kwa sababu damu yao inayovunjika kila siku hutengeneza mawe wakiwa bado shuleni, na maumivu yao ya tumbo huhesabiwa yote kuwa ya selimundu.

Sasa dawa za kuyeyusha mawe. Vipo vidonge halali vya asidi ya nyongo. Vinafanya kazi kwa mawe madogo ya kolesteroli tu, humezwa miezi sita hadi miaka miwili, na karibu nusu ya waliopona hupata mawe tena ndani ya miaka mitano. Kwa mtu ambaye kongosho lake limeshavimba, miezi yote hiyo ni ya hatari. Na ile tiba inayozunguka kwenye simu, ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limao usiku, asubuhi ukaona vitu vya kijani chooni ukafurahi: vile vitu vimepimwa maabara vikaonekana ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na yale mafuta na limao. Mawe yako bado yapo. Mafuta mengi kwa mkupuo hukamua mfuko wa nyongo kwa nguvu, na hapo ndipo jiwe husukumwa mrijani. Naomba kwa dhati, mwenye historia ya kongosho asijaribu.

Kama ni pombe: kupunguza au kuacha

Linganisho hili ni fupi. Kwa ambaye kongosho lilishavimba kwa pombe, kupunguza hakutoshi. Aache kabisa. Mbege haina msamaha kwa kuwa ni ya ndizi mbivu na ulezi na babu aliinywa hadi uzee. Kongosho halitofautishi mbege, bia, wanzuki wala gongo. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, ila pombe kali ya chupa ndogo bado iko kila genge.

Pa kukaa kidogo ni namna ya kuacha. Mtu anayekunywa kutwa, anayetetemeka mikono asubuhi hadi apate chupa, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ndani ya siku mbili tatu anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa hivyo. Huyu aachie pombe hospitalini, akipewa dawa za kumtuliza na vitamini B1. Anayekunywa sikukuu na mwisho wa wiki anaweza kuacha nyumbani.

Kisha kuna kuambiwa mara moja na kufuatiliwa. Tampere, Finland, walifanya utafiti ninaoupenda kuliko wote kwenye mada hii, uliotoka mwaka 2009. Wagonjwa 120 wa kongosho la pombe wote walizungumza na muuguzi kabla ya kuruhusiwa. Nusu yao waliitwa tena kila baada ya miezi sita kwa mazungumzo kama yale yale. Baada ya miaka miwili, walioambiwa mara moja walirudiwa kwa asilimia 21, na waliofuatiliwa kwa asilimia 8. Hapakuwa na mashine wala dawa mpya, ni mtu aliyekaa na mgonjwa akamuuliza hali bila kumkemea. Hilo linawezekana hospitali ya Mawenzi, linawezekana ya Mount Meru, linawezekana kwenye kituo cha afya cha kata. Kama hospitali haikupangii, jipangie: chagua muuguzi au tabibu mmoja, mwombe akuone kila baada ya miezi sita, na mke au kaka yako aijue tarehe.

Desemba ndiyo mtihani. Magari ya Dar yanapanda Machame, Marangu na Rombo, kila ua una mbuzi na kata ya mbege inazungushwa. Shemeji zako watasema, "Onja tu, ni sikukuu." Jibu ambalo wagonjwa wangu wameliona linafanya kazi bila ugomvi ni, "Shemeji, niko kwenye dozi." Hakuna anayembishia mtu aliye kwenye dozi.

Sigara ihesabiwe hapa pia. Inaharibu kongosho yenyewe, hata kwa asiyekunywa, na wanaoacha pombe wengi huongeza sigara kujiliwaza. Kama nguvu ya kuacha vyote siku moja haipo, anza na pombe, lakini sigara ipangiwe mwezi wake.

Kama ni mafuta kwenye damu: chakula au vidonge

Trigliseridi zikizidi 11.3 kwa kipimo cha mmol, ambacho ni sawa na 1,000 kwa kipimo cha miligramu, kongosho liko hatarini. Damu ya mtu huyu ikikaa kwenye chupa ya maabara hutengeneza tabaka jeupe kama maziwa, na mteknolojia mzoefu huliona kabla mashine haijasema. Wengi wana kisukari kisichotulia bila wao kujua. Kwao tiba ya kwanza ni sukari ishuke, wakati mwingine kwa insulini, na trigliseridi hushuka nayo.

Vidonge vya fenofibrati husaidia, na lengo ni kukaa chini ya 5.6 mmol. Dawa za kolesteroli zinazojulikana zaidi mtaani, zile za kundi la statini, si za kwanza kwa tatizo hili, kwa hiyo aliyepewa hizo tu kwa trigliseridi za juu sana arudi akaulize. Lakini kidonge bila chakula ni kazi bure. Na chakula hapa hakimaanishi mafuta peke yake: soda, juisi ya dukani na pombe hupandisha trigliseridi hata kama huli chipsi mayai.

Mtori hauna haja ya kuuacha. Chemsha nyama jioni, iache supu ipoe usiku kucha, asubuhi uondoe ule utando mgumu wa mafuta juu, ndipo utie ndizi, bila siagi. Kisusio, ile supu ya damu, hapana. Makongoro, supu ya kwato, hapana. Loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, ni nzuri kama maziwa yameondolewa mafuta. Parachichi tunalosifia kwa afya ni mafuta mazuri kwa watu wengine, ila mwenye trigliseridi za 11 na zaidi alihesabu kama mafuta mengine yoyote mpaka damu itulie. Mwenye mawe aliyeshatoa mfuko wa nyongo hahitaji masharti haya yote, na inasikitisha kuona mtu anajinyima miaka mingi kwa karatasi ya lishe iliyoandikiwa mgonjwa mwingine.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kupandisha trigliseridi kwa mwanamke aliye na tatizo hilo. Zipo njia nyingine, aulize.

Sababu ndogo ndogo

Mnyoo mkubwa wa tumboni unaweza kupanda ukaingia mrijani. Ultrasaundi humwona akijongea. Albendazole miligramu 400 ni bei ndogo sana, na kwenye mashamba yenye unyevu ya Kilimanjaro na Meru sioni sababu ya familia kutokunywa dawa ya minyoo kwa utaratibu. Kalsiamu ikiwa juu, tezi ndogo za shingoni zichunguzwe, kwa kuwa upasuaji wa tezi moja unaweza kumaliza habari yote.

Kama sababu haijaonekana

Hapa ndipo familia huchoka na kugeukia mitishamba. Kwanza rudieni ultrasaundi, mgonjwa akiwa hajala, shambulio likiwa limepoa. Mawe madogo na tope la nyongo hukosekana kwenye kipimo cha kwanza kwa sababu tumbo limejaa gesi. Aliyezidi miaka 40 na hana sababu inayoeleweka afanyiwe picha ya CT ili kuhakikisha hakuna uvimbe wa saratani uliojificha. MRI ya mirija ni hatua inayofuata kama fedha au bima inaruhusu.

Kama vyote ni safi, kuna chaguo ambalo wengi hawalijui: kutoa mfuko wa nyongo hata kama mawe hayajaonekana. Finland walilijaribu, matokeo yakatoka mwaka 2015. Kati ya wagonjwa 39 waliotolewa mfuko, mmoja tu alirudiwa. Kati ya 46 ambao hawakutolewa, wanane walirudiwa. Na mifuko mingi iliyotolewa ilikutwa na mawe au tope. Si la kila mtu, ila aliyelazwa mara mbili bila sababu alizungumze na daktari wa upasuaji. Akiwa ni mtoto au kijana, na kwenye ukoo kuna mwingine mwenye ugonjwa huu, daktari aambiwe, maana iko aina inayorithiwa.

Kuhusu mitishamba sitabishana na imani ya mtu. Nasema hivi: dawa yoyote ya kienyeji inayochanganywa na pombe iondolewe hapo hapo, na ile unayotumia mwambie daktari kwa jina inayojulikana nalo nyumbani.

Rufaa na pa kwenda

Zahanati na kituo cha afya vinaweza kutuliza maumivu na kuweka dripu, basi. Kwa Moshi hatua inayofuata ni Mawenzi, kwa Arusha ni Mount Meru, na juu yake KCMC kama hospitali ya rufaa ya kanda. Hospitali ya ALMC iko pale Arusha kwa anayeona ni karibu. Kabla ya kusafiri, piga simu uulize mambo matatu: upasuaji wa nyongo wa matundu unafanyika siku zipi, kama jiwe liko mrijani mnalitoa hapa au mnapeleka wapi, na bima yangu inalipia kipi. Kilomita 80 kati ya miji hii miwili si kitu ukilinganisha na kulazwa mara ya tatu. Homa, macho ya njano, kupumua kwa shida, mkojo kupungua au mgonjwa kuanza kuongea yasiyoeleweka, hapo hakuna kupiga simu. Ni kukodi gari usiku huo huo.

Kongosho likishachoka

Kwa waliorudiwa mara nyingi, maumivu huwa ya kila siku na chakula hakisagiki. Kinyesi kinaelea, kina mafuta, kinanuka kuliko kawaida, na mtu anakonda ingawa anakula. Hapa ulinganisho ni kati ya vidonge vya maumivu, endoskopia (kamera ya kupitishwa mdomoni, kama ERCP) na upasuaji. Wengi huanza na tramadoli na kuongeza dozi mwaka hadi mwaka mpaka mwili unaitegemea. Kwa wale ambao mrija wa kongosho umepanuka, utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 88, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha waliopasuliwa mapema walikuwa na maumivu kidogo kuliko waliopitishwa kwanza kwenye dawa na endoskopia. Kwa hiyo anayetumia dawa kali za maumivu aombe kuonana na daktari wa upasuaji kabla ya kufika mwisho wa njia.

Vimeng'enya vya vidonge vipo, ni ghali na si kila duka la dawa linavyo, kwa hiyo agiza kabla havijaisha. Kinachopoteza fedha ni kuvimeza vibaya. Havimezwi asubuhi kama dawa ya presha. Vinamezwa na chakula, kimoja tonge la kwanza likishuka, kingine katikati ya mlo. Mlo mkubwa huhitaji uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi, kitafunwa nusu yake. Chai kavu haihitaji chochote. Na kipimo cha sukari kifanywe angalau kila mwaka, kwa sababu kongosho lililochoka huacha pia kutengeneza insulini, na kisukari cha namna hii huweza kushusha sukari ghafla mgonjwa akichomwa insulini halafu asile.